Dakika Moja ya Mtukufu

Nchi yenyewe ukiitafuta kwenye ramani utajichosha bure. Wachora ramani walifika wakati wenyeji wamenyamaza, wakauliza jina la nchi, hakuna aliyefungua kinywa, wakapaka rangi ya kijivu wakaenda zao. Lakini ilikuwapo, tena ilikuwa na adabu kupita nchi nyingi tunazozijua. Aliyeifikisha kwenye adabu hiyo ni Bwana Mwengele Sudi, Mkurugenzi wa Itifaki na Huzuni za Taifa.

Mwengele hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo mapema. Alikuwa mgane, mpole, mpenda chai ya tangawizi, na alikuwa na binti mmoja, Zawena, aliyempenda kuliko cheo chake, ingawa cheo ndicho kilichokula muda wake. Kazi yake ilikuwa kupanga nani akae safu ipi kwenye mazishi ya kitaifa, nani atangulie kulia, na nani akizidisha kilio aguswe bega apunguze. Kwa kazi hiyo alipewa gari, dereva na leso zenye nembo ya serikali.

Sasa, Mtukufu Rais alifia jukwaani, saa nne kamili asubuhi, katika Sikukuu ya Shukrani, ambayo ndiyo siku wananchi walipomshukuru yeye. Mtukufu hakuwaamini mafundi. Kila mara alikigonga kipaza sauti kwa kidole chake mwenyewe, tu, tu, tu, akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili," ndipo ahutubie. Siku ile akagonga, akahesabu, akavuta pumzi ya kuanza, akaenda chini. Hotuba hawakuisikia hata neno, na taifa zima likabaki limetega sikio.

Mwaka ulipotimia, saa nne kamili, nchi nzima ikasimama kimya dakika moja. Ilipendeza, usiseme. Hata soko la samaki lilinyamaza, na anayewajua wauza samaki anajua hilo si jambo dogo. Watu wakafuta macho, wakarudi kwenye shughuli zao, na kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia.

Tatizo lilikuja mwaka wa pili. Baraza Kuu lilikaa, na Mwenyekiti, mtu mrefu aliyevaa joho hata wakati wa joto, akauliza kama itakuwa dakika moja tena.

"Waheshimiwa," alisema, "mapenzi yakibaki palepale yamedumaa, na Katiba yetu haiutambui udumavu. Kimya lazima kikue."

Akasimama Daktari Mkwachu, Waziri wa Kumbukumbu, akapendekeza kila mwaka ziongezwe dakika kumi. Mwaka huu kumi na moja, mwakani ishirini na moja, na kuendelea hivyo hivyo. Wajumbe wakatazamana. Wengi walikuwa watu wazima wenye kibofu kisichongoja, na kusimama dakika ishirini na moja juani waliona ni adhabu.

Mwengele akachukia. Si kwa sababu ya dakika, bali kwa sababu huzuni ilikuwa idara yake, na hapa mtu wa Kumbukumbu anamwingilia jikoni. Akainuka akasema kwa sauti ya upole, "Mimi nasema tusiwachoshe wananchi. Tufanye maradufu tu. Tulianza na dakika moja, mwaka huu mbili, mwakani nne, halafu nane. Pole pole, bila kumuumiza mtu."

Mbili, nne, nane. Baraza lilishusha pumzi, likapiga meza makofi. Mkwachu alitaka kusema kitu, akaambiwa akae. Hoja ikapita, na ili asije mtu mwenye moyo mgumu akaichezea, wakaongeza kifungu: hoja ya huzuni haifutwi, haipunguzwi wala haiguswi na mtu yeyote, isipokuwa yule yule aliyeitoa, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Baraza, na Baraza hukutana mara moja tu kwa mwaka, kabla ya kimya kuanza. Mwengele alirudi nyumbani akinywa chai yake kwa raha.

Miaka ile ya mwanzo wananchi walimsifu. Wakati hesabu ya Mkwachu ingekuwa imewasimamisha nusu saa na zaidi, wao walikuwa wamekaa dakika nane wakatawanyika. Akapewa nishani. Ikaja zamu ya dakika kumi na sita, ikaja thelathini na mbili, na bado ilikuwa chini ya ile ya Mkwachu. Mwaka wa saba kimya kilifika dakika sitini na nne. Karani mmoja mwenye bidii akapekua hoja ya zamani ya Mkwachu, akaona yeye angefikisha sitini na moja. Basi Mkwachu akakamatwa kwa njama ya kumpunja Marehemu dakika tatu.

Mwengele alikwenda kumuaga pale gerezani, maana itifaki ya kuaga ilikuwa chini yake. Mkwachu alikuwa ametulia kabisa.

"Nenda nyumbani, Mwengele, ukapige hesabu mpaka mwisho wake," alisema.

"Mwisho upi?"

"Ndicho ninachokuambia."

Mwengele akamwona mtu amechanganyikiwa kwa gereza, akampa leso moja ya serikali.

Mwaka wa kumi na moja kimya kilichukua saa kumi na saba. Hapo ndipo askari wa zamu kaburini alipotupa bunduki akakimbia hadi mjini, miguu mitupu, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema akasimama sokoni akitetemeka tu. Kimya kilipokwisha akaeleza. Alisikia chini ya marumaru mtu akigonga kitu kwa kidole, tu, tu, tu. Kisha sauti, ya karibu sana, ikasema, "Moja, mbili."

Serikali ikatangaza kwamba ulikuwa upepo. Mwaka uliofuata kimya kikapita siku nzima na zaidi, na sasa si askari peke yake. Kila mtu alimsikia kwake. Hakuwa chumbani ulimo. Alikuwa katika kile ulichotoka sasa hivi. Ukiwa sebuleni, yuko jikoni. Ukirudi jikoni, yuko sebuleni, anavuta pumzi ya kuanza. Waliojaribu kunong'ona ili kujipa moyo walijuta, kwa sababu aliyenong'ona alijibiwa. Mke akimnong'oneza mumewe, "Umesikia?" nyuma ya kabati sauti ya mtu mzima ilisema, "Ndiyo." Baada ya hapo serikali haikuhitaji polisi wa kimya.

Jambo likafika Barazani: je, Marehemu anavunja kimya? Wanasheria walibishana mpaka povu likawatoka, na uamuzi ukatolewa kwamba kimya ni mali yake, na mwenye nyumba hazuiwi kuzungumza nyumbani kwake. Waheshimiwa wakapiga meza makofi, huku kila mmoja akichungulia nyuma ya kiti chake.

Na kimya kikakua. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo wengi walipopotea. Watu walidhani kimya kimeharibika tabia ukubwani. Hapana. Tabia yake haikubadilika hata kidogo: kila mwaka kilifanya jambo lile lile, kujizidisha mara mbili, basi. Kilipokuwa cha dakika mbili kilijizidisha na watu wakacheka. Kilipokuwa cha wiki kilijizidisha vivyo hivyo, hakikumwonea haya mtu. Mwengele alipoketi hatimaye kupiga ile hesabu aligundua jambo lililomtoa jasho: ukijumlisha kimya cha miaka yote iliyopita, tangu ile dakika ya kwanza, kimya cha mwaka unaofuata kinazidi jumla hiyo kwa dakika moja. Kila mwaka, dakika moja ile ile. Akajiuliza dakika hiyo ni ya nani, na kutoka chumba cha pili akasikia mtu akivuta kiti.

Usidhani nchi ilisimama. Wapi. Mahakama zilifanya kazi kama kawaida: mshitakiwa akinyamaza, amekiri, akisema, anafunguliwa kesi ya kusema. Ndoa ziliongezeka sana, maana bibi harusi akinyamaza amekubali, na wote walinyamaza. Majogoo walichinjwa kwa amri. Kasuku walipewa wiki moja kuondoka nchini. Watoto wachanga waliruhusiwa kulia, alimradi kilio kisiwe na neno ndani yake, na maofisa walizunguka na mashine ya kupima vilio.

Zawena alijifungua mtoto wa kike mwaka wa kumi na tisa, kimya kilipokuwa nusu mwaka. Alimwita Kidawa, jina la marehemu mama yake, ila kwa miezi ya mwanzo alimwita kwa macho tu. Kilipokwisha kile kimya, wakapata nusu mwaka wa maneno, na mtoto akaanza kushika: "ma," kisha "ba," akionyesha taa, akionyesha kuku. Mwengele alikuwa akitoroka ofisini kuja kusikiliza. Ndipo ikafika Sikukuu ya Shukrani, na kimya cha mwaka wa ishirini, ambacho ukikipima vizuri ni mwaka mzima kasoro saa ishirini na mbili hivi.

Kabla ya king'ora Zawena alimshika baba yake mkono.

"Baba, mtoto asiposikia maneno umri huu, maneno hayamwingii tena. Nimewaona wa jirani. Wanakaa na macho tu."

"Ni mwaka mmoja, mwanangu."

"Na baada ya huo?"

Mwengele alijua ni miaka miwili.

"Wewe ndiye uliyelileta jambo hili," Zawena alisema. "Na ni wewe peke yako unayeweza kuliondoa. Kimya kikiisha, nenda ukaliondoe."

Mwaka ule sitausimulia kwa urefu. Zawena alijaribu siku moja tu. Alijifunika shuka na mwanawe akamtajia jina lake sikioni, polepole, na ndani ya shuka ile ile, upande wa miguu, kitu kikagongwa, tu, tu, tu. Hakurudia. Mtoto alipofungua kinywa kujaribu "ma" yake, mama mwenyewe alimziba kwa kiganja, akitokwa na machozi, kwa kuogopa nani atakayeitika. Akamziba mara nyingi, mpaka mtoto akaelewa.

King'ora cha kumaliza kimya kililia saa sita mchana, siku moja kabla ya Sikukuu. Wananchi walikuwa na muda hadi saa nne asubuhi ya kesho yake, ndipo kianze kile cha miaka miwili. Na kwa kuwa cha miaka miwili kingekutana njiani na cha miaka minne, na hicho na cha minane, kila mwenye akili alifahamu kwamba hizo ndizo saa za mwisho. Nchi ililipuka kwa kelele. Watu walipayuka, waliimba, walitukanana kwa furaha.

Zawena alisema kwa sauti iliyokwaruza, "Baba, kaa kidogo tumsemeshe kwanza. Uso wako anaupenda."

"Nikienda mapema nitarudi mapema," Mwengele akasema, na huo ndio ulikuwa ukweli wa itifaki, akavaa koti akaenda Barazani.

Barazani kulikuwa na wajumbe waliokaa mwaka mzima bila kupiga domo. Mwenyekiti akagonga rungu, akasema, "Waheshimiwa, kabla ya yote, hamjambo?"

Sasa, kanuni za salamu za Baraza zilitungwa na mtu mmoja, naye ni Mwengele Sudi. Zinasema salamu haikatishwi. Kila mjumbe amjulie hali kila mjumbe, amuulize habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na za tangu walipoonana. Na aliyeulizwa ajibu nzuri kwanza, ndipo aseme mabaya. Mabaya yalikuwa ya mwaka mzima. Kumbe fulani alifiwa na mama, hakuna aliyejua. Pole, pole sana. Kumbe fulani mwingine alifiwa na mke, na yule aliyempa pole naye alikuwa mgonjwa, naye akapewa ya kwake. Mwengele alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," Mwenyekiti akamwambia kwa mshangao, "wewe kweli, wa kukatisha salamu?"

Akaketi. Mchana ukaisha, na kulipokucha salamu zilikuwa zimefika safu ya nyuma. Hapo ikajulikana kwamba Mheshimiwa Bori, ambaye kiti chake kilikuwa kitupu, alifariki tangu mwezi wa tatu. Baraza likaombwa lisimame dakika moja kumkumbuka. Wakasimama. Katika dakika hiyo wote walikisikia, chini ya meza kubwa, kile kidole kikigonga mbao, na hapakuwa na aliyethubutu kutazama chini.

Mwengele alipewa nafasi saa tatu asubuhi.

"Waheshimiwa, mimi niliyeitoa ile hoja naiondoa. Tumwache Mtukufu apumzike. Nina mjukuu. Hajui kusema."

Minong'ono ikapita safu hadi safu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Kuiondoa kabisa ni kumuua Marehemu mara ya pili, na wa kwanza kushitakiwa kwa mauaji utakuwa wewe. Huna namna ya kupunguza?"

Mwengele alifikiri kwa haraka, kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. "Basi tukate nusu. Kila mwaka kiwe nusu ya mwaka uliotangulia."

"Na kitakwisha lini?" akauliza mjumbe mmoja mzee kwa wasiwasi.

Mwengele alifungua kinywa kusema, kisha hesabu ikamrudia kichwani, naye hakuwahi kudanganya Baraza. "Hakitakwisha," akasema. "Kitafika dakika. Kitafika nusu dakika, halafu nusu ya hiyo nusu."

"Kikiwa kidogo kuliko kupepesa jicho?"

"Kitakatwa nusu tena. Nusu hubaki siku zote."

"Kwa hiyo hata wajukuu wa wajukuu wetu, kila mwaka, watakuwa na kijisehemu cha Mtukufu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Basi hapo ukumbi ukasimama. Walishangilia mpaka vumbi likadondoka darini, wengine wakilia. Kitu kisichokwisha ndicho walichokuwa wakikitafuta tangu mwanzo, na hiki kilikuwa na nafuu ya mgongo. Hoja ikapita bila pingamizi. Mwenyekiti akaongeza tu, kwa utaratibu, kwamba kimya cha miaka miwili kilishatangazwa gazetini, na gazeti la serikali halirudi nyuma, hivyo nusu zitaanza baada yake. Wakati anatamka hayo Mwengele alikuwa tayari mlangoni.

Alikimbia. Mtu wa umri ule, na koti, na nishani zikigongana kifuani, alikimbia katikati ya mji uliokuwa ukipayuka maneno yake ya mwisho. Watu walisimama madirishani wakitaja majina ya vitu, ndoo, kamba, mwezi, mkate, ili wasiyasahau.

Alimkuta Zawena amekaa sakafuni. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

"Umeiondoa?"

"Itapungua."

"Lini?"

"Ikiisha hii ya miaka miwili. Itakuwa mmoja. Halafu nusu."

Zawena alimtazama, akahesabu umri wa mwanawe kwa vidole, akaacha katikati. "Nimemsemesha tangu jana mchana, Baba. Nimeimba. Nimemtajia kila kitu kilichomo nyumbani. King'ora kilipolia tu aliingia chini ya kitanda, na kila nikitamka neno anazidi kujisogeza ukutani. Anatuogopa." Akafuta uso. "Jaribu wewe. Harakisha."

Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika chache. Mwengele akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa saruji. Kule gizani aliona macho mawili.

"Kidawa," akasema. "Kidawa, mjukuu wangu. Ni mimi, babu yako."

Yale macho hayakutazama macho yake. Yalitazama mdomo, jinsi ulivyokuwa ukifunguka na kufungika, na mtoto akaanza kutoka, taratibu, kwa kutambaa. Mwengele moyo ukamruka. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima aliyomwekea, majina ya ndege, jina la bibi yake, hadithi nzima ya sungura.

"Njoo," akasema. "Njoo, mama, sema na babu. Sema 'ba'."

Mtoto akasimama mbele yake. Uso wake ulikuwa na huruma, ile wanayokuwa nayo watu wazima wakimwona mtoto anacheza na moto. Akanyoosha mikono yote miwili, akaweka viganja vyake juu ya mdomo wa babu yake, akaubana vizuri, kwa upole, kama alivyofundishwa. Viganja vilinukia uji.

Angeweza kuviondoa. Vilikuwa vidogo kama biskuti. Alimtazama binti yake juu ya kichwa cha mtoto, na Zawena alikuwa ameugeukia ukuta. Kidawa alisikiliza kwanza, akahakikisha kwamba hakuna tena sauti inayotoka, kisha akatabasamu, akamlalia babu yake kifuani bila kuondoa mikono.

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Zikapita zote, na king'ora kilipolia hakikumkuta mtu wa kunyamazishwa katika nyumba ile.